Vumbi la Nyumba Zilizofungwa

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Mitego ishirini Kishanda, tangu asubuhi. Kumi kwenye kibanja cha Mama, yaani nyumba na shamba lake la migomba, kumi kwenye kibanja cha marehemu Anselm. Chambo ni dagaa na karanga za kukaanga. Ofisi ya Muleba inataka ripoti ya panya. Watu wamelalamika maharage yanaliwa ndani ya nyumba, na wakubwa wanaogopa tauni. Kwa hiyo mimi, Bibi Afya, sasa ni mtega panya. Sijali. Ni afadhali kuliko kuandika vifo.

Ndugu yangu Fulgence amefika leo kutoka Bukoba na mkewe Koku na binti yao Editha, miaka minne. Wamekuja kukaa. Ameacha kazi yake ya kubeba magunia kwenye ghala la kahawa kule mtaa wa Bakoba. Ukoo umesema kibanja cha kaka yetu kisiachwe kiwe pori. Anselm alikufa mwaka jana, mkewe akamfuata. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu Pasaka.

Tulifungua mlango pamoja. Harufu ya mkojo wa panya ilinirudisha nyuma. Magunia ya maharage yametobolewa. Viota ndani ya godoro. Mavi ya panya kila pembe. Fulgence alijifunga shati kichwani akafagia mpaka saa nane mchana. Alifagia pakavu. Vumbi lilitoka mlangoni kama moshi wa jiko. Mimi nilisimama uani nikamcheka anavyopiga chafya.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mitego ya Mama: panya watatu siku zote nne. Mitego ya Anselm: kila asubuhi imejaa. Sio panya wa nyumbani hawa. Ni wale wa shamba, wadogo, tumbo la kijivu, majike yana chuchu nyingi mpaka unachoka kuhesabu.

Nimetembea kibanja chote. Mama kila wiki anapogoa migomba na kupalilia. Kwa Anselm majani makavu yamerundikana hadi magotini, hujui ukanyage wapi. Nyasi za rweya, ile mbuga iliyo nje ya vibanja, zimeshaingia mpaka ukuta wa nyuma. Maharage ya msimu uliopita hayakuvunwa, yamejimwaga chini. Panya wanakula, wanazaa, mvua ikianza wanaingia ndani. Mlango wa binadamu umefungwa, wa kwao uko wazi.

Nilishaona hivi. Mwaka wa vita na Uganda, watu walipoanza kurudi ng'ambo ya kaskazini ya mto, nilipelekwa huko na masanduku ya klorokwini. Nyasi zimeota jikoni. Panya ndio wenye nyumba. Wiki chache baadaye homa. Tuliandika malaria, wote, hata wale ambao klorokwini haikuwasaidia kitu. Sijui kwa nini nimekumbuka leo.

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili. Hakuna atakayeisoma.

Jumatano, 12 Oktoba

Paskazia anaumwa tangu Jumatatu. Ni mjane wa jirani. Watu humwita akasafishe nyumba za waliokufa, kwa kuwa ndugu wenyewe wanaogopa kugusa vitu. Hulipwa kwa nguo au sufuria. Nimemkuta kwenye mkeka, macho mekundu kama aliyekaa kwenye moshi, anashika kiuno kwa mikono miwili. Amesema kiuno kinakatika. Nimempa klorokwini na aspirini.

Majirani wamesimama nje ya ua. Hakuna aliyeingia. Mmoja alisema tu, "Juliana." Basi. Huku kwetu jina hilo la ukimwi linatosha.

Jumapili, 16 Oktoba

Paskazia amekufa asubuhi kabla ya misa.

Siku saba. Hakukonda. Nimemwosha na Mama, mikono ya marehemu bado minene ya mtu wa jembe. Uso tu ndio umevimba.

Kwenye daftari la vifo nimeandika: silimu, jina letu jingine la ukimwi. Mkono ulisita kidogo, halafu nikaandika. Nimeandika neno hilo mara nyingi mwaka huu hadi linajiandika lenyewe.

Binti yake Winfrida ana miaka kumi na moja. Mama yake mdogo amekataa kumchukua. Kasema ana watoto wadogo nyumbani, anaogopa.

Ijumaa, 21 Oktoba

Fulgence ana homa. Alikuwa anakata nyasi nyuma ya nyumba, akaketi chini, akashindwa kunyanyuka. Kichwa na kiuno. Nimempa klorokwini.

Malaria. Mvua zimeanza. Ni malaria tu.

Jumapili, 23 Oktoba

Sio malaria. Anatapika kila anachokunywa. Macho yamekuwa mekundu. Uso umewiva kama aliyepigwa jua, kifua pia. Ana vidoa vidogo vyekundu kwapani.

Mama anasali rozari na kulia kwa zamu. Amezika Anselm. Amezika mkwe wake. Hasemi, lakini namwona anavyomtazama Fulgence, kama mtu anayepima jeneza kwa macho.

Nami pia. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nilimtazama ndugu yangu nikasema moyoni: basi, na huyu. Bukoba mjini, miaka mitano mbali na macho yetu, kabla ya hapo vitani Uganda. Nani ajuaye.

Nikamwita Koku nyuma ya nyumba.

"Wifi, funga nguo za mtoto. Nenda kwenu Kamachumu."

Akanitazama. "Ni ule?"

"Sijui. Lakini wewe una mtoto."

"Nimwache hivi? Nani atamlisha?"

"Mimi na Mama tupo. Nenda kesho na basi la asubuhi. Ukikaa hapa utazika, halafu tutakuzika."

Nilisema hivyo. Maneno yangu mwenyewe. Nilidhani nawaokoa.

Jumatatu, 24 Oktoba

Koku ameondoka. Hakumuaga mumewe, alikuwa amelala. Mtoto alikuwa analia anataka baba.

Nilibeba mzigo wao mpaka barabarani.

Jumanne, 25 Oktoba

Homa imeshuka. Mama alifurahi, akachemsha uji. Fulgence hakuunywa. Amelala, mapigo dhaifu, mikono ya baridi.

Mchana nilichukua kopo akojoe. Hakuna. Nikasubiri. Hakuna. Nikamuuliza mara ya mwisho ni lini. Akasema jana asubuhi, kidogo, kama chai nzito.

Nikaketi. Nikamkumbuka Paskazia. Siku ile ya mwisho, nilipomuuliza kama amekwenda haja ndogo, alitikisa kichwa, nami nikapita. Nikafungua daftari langu la kutembelea kaya. Nikarudi nyuma kurasa zote tangu Juni. Nimempata mzee mmoja aliyehamia nyumba ya mwanawe aliyefariki: homa, kiuno, akafa siku ya tisa. Nimempata mke wa katekista, alisafisha ghala la jirani aliyekufa: homa, kiuno, macho mekundu, akapona. Paskazia alikuwa kila wiki kwenye nyumba iliyofungwa. Fulgence, ile siku ya vumbi. Tangu Jumatatu ile mpaka Ijumaa alipoanguka ni siku kumi na nane.

Wote nimewaandika silimu au malaria. Kwa mwandiko wangu.

Silimu haimuui mtu kwa wiki moja akiwa na mwili wake wote. Hilo nalijua. Nililijua hata nilipokuwa naandika.

Nimemfukuza Koku bure.

Jumatano, 26 Oktoba

Fulgence apelekwe Bukoba. Landrova ya wilaya haina mafuta. Nikaomba wanaume wa kubeba engozi, machela yetu ya miti na kamba. Huku mgonjwa akibebwa, wanaume hupokezana, wanakuwa wengi mpaka wanagombania bega. Leo walikuja wawili. Mmoja ni katekista. Mwingine ni mzee ambaye wanawe wote wameshakufa. Amesema yeye hana cha kuogopa tena.

Wawili mbele, mimi na Mama nyuma. Mama ana miaka sitini na tano. Tuliteleza mara mbili. Watu walisimama kwenye milango yao, wakatutazama tukipita. Watu tuliokula nao. Ninawachukia leo. Kesho labda sitawachukia.

Barabarani basi la kwanza lilikataa. La pili pia. Likaja lori la wachuuzi wa samaki, wanatoka visiwani, wengine si watu wa huku kabisa. Nilijiandaa kusema uongo. Dereva hakuniuliza. Alisogeza magunia ya dagaa, akatandika turubai. Mmoja wa wavuvi alishika kichwa cha Fulgence magotini mwake mpaka Bukoba. Sikumuuliza jina. Najuta.

Alhamisi, 27 Oktoba

Hospitali. Wodi ya mwisho, ile wanayolaza wasiotarajiwa kupona. Wagonjwa wawili kitanda kimoja, wengine chini. Fulgence yuko chini. Muuguzi amemtundikia dripu, ya tatu tangu jana. Uso umevimba, macho yamekuwa mistari tu. Anapumua kama amekimbia.

Daktari wa zamu ni kijana, anaitwa Pascal, sio wa huku. Amechoka. Alitazama cheti, hakumtazama mtu.

"Mnajua wenyewe. Ni ule ugonjwa. Tunampa maji, tunasubiri."

"Daktari, wiki iliyopita alikuwa analima. Hajakonda."

"Wengine huanza hivyo."

"Hajakojoa tangu Jumatatu. Na mmemjaza maji."

Hapo ndipo akageuka. "Nani kakwambia hajakojoa?"

"Mimi ndiye ninayeshika kopo."

Nikamweleza yote. Panya, vumbi, Paskazia, mzee, mke wa katekista. Nilieleza vibaya, kwa haraka, Kihaya kikaingia katikati. Nilidhani atacheka. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wa Fulgence kwa kidole, akatazama shimo lililobaki. Akafunga dripu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kuanzia sasa anakunywa maji kwa kiasi kile tu cha mkojo anachotoa, na kidogo juu yake. Kama hatoi, vikombe viwili vya chai kwa siku, basi. Utaweza? Ataomba maji. Atakulilia."

Nikasema nitaweza.

Ijumaa, 28 Oktoba

Kopo tupu.

Aliomba maji tangu alfajiri. Nalowesha kitambaa, nampangusa midomo. Amenitukana. Amesema nimekuja kumwua ili kibanja kibaki kwangu. Najua ni ugonjwa unaosema. Imeniuma hivyo hivyo.

Daktari amechukua damu, chupa mbili. Moja ya kipimo cha ukimwi, hapa Bukoba. Nyingine amesema ataituma mbali, kama atapata wa kumpa.

Jumamosi, 29 Oktoba

Tone moja jeusi. Nimelipeleka kwa muuguzi kama mtu aliyebeba sakramenti. Akasema halipimiki.

Kwikwi zimeanza. Haziachi. Damu kidogo puani.

Jumapili, 30 Oktoba

Padri amempa mpako wa wagonjwa. Mama yuko Kishanda, hajui. Au anajua.

Fulgence alikuwa na akili timamu kwa muda, baada ya padri.

"Dada, Koku yuko wapi?"

"Nyumbani. Anamwangalia mtoto."

"Mwambie asifagie ule uchafu uliobaki chumba cha nyuma. Nitafagia mwenyewe nikirudi."

Nikasema nitamwambia. Nikatoka nje ya wodi. Nikashika ukuta. Sijui kulia kwa sauti, sikufundishwa. Nilishika ukuta tu mpaka mama mmoja mwenye mgonjwa wake akaja akanipa kipande cha muhogo.

Mungu, nimekosa. Mchukue au muache, lakini usiniache mimi na uongo huu wa mwisho.

Jumatatu, 31 Oktoba

Kopo tupu. Hanijui. Ananiita Anselm.

Jumanne, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Saa nne asubuhi. Vidole viwili vya kopo. Rangi ya chai nyepesi.

Nimeandika saa na kiasi.

Saa tisa alasiri, nusu kopo.

Jumatano, 2 Novemba

Kopo halitoshi. Nimeazima ndoo.

Alhamisi, 3 Novemba

Sasa ni kinyume chake. Yanatoka yote, bila kukoma, meupe kama maji ya kisima. Ngozi imelegea, ulimi umekauka. Daktari Pascal amesema hapa pia watu hufa, anywe maji sawa na yote anayotoa. Juzi nilikuwa namnyima maji, leo namlazimisha.

Mabomba ya hospitali hayana maji. Nateka ziwani, nachemsha nje kwa kuni za kununua, napooza, namnywesha kwa chumvi na sukari. Sukari nimepewa na yule mama wa muhogo. Mgonjwa wake amekufa jana. Alinipa sukari iliyobaki kabla ya kuondoka na mwili.

Nimepanda na kushuka ziwani mara ngapi sijui. Miguu imevimba. Nina furaha na nina aibu ya furaha.

Jumatano, 9 Novemba

Ameketi. Amekula ndizi mbili. Ameomba radhi kwa matusi ambayo hayakumbuki, aliambiwa na wa kitanda cha jirani.

Daktari Pascal aliniita kwenye kichumba chake. Akasema aliwahi kusoma, alipokuwa chuoni, habari za homa ya huko Asia. Iliwapata askari waliolala mashambani, na wakulima. Panya wa porini wanabeba kirusi, wao wenyewe hawaugui. Mkojo na mavi yao yakikauka, yakapeperuka na vumbi, mtu akavuta hewa hiyo, figo zinafunga. Kirusi hicho wanakiita hanta.

Nikauliza, "Ndicho hiki?"

"Sijui, Bibi Afya. Sijawahi kusikia kimeonekana huku. Inaweza kuwa kingine cha panya, kipo kinachopita kwenye maji machafu. Hapa sina cha kupimia. Ile chupa ya damu imesafiri, majibu yanaweza yasije kabisa."

Amesema ukweli. Nimemheshimu kwa hilo. Halafu akauliza kuhusu mitego. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikamchorea kwenye karatasi: kibanja cha Mama, kibanja cha Anselm, nyasi zilipofika, panya walipoingia. Nikamwambia ninavyofikiri. Panya walikuwepo siku zote huko rweya, na mtu alikuwepo siku zote huku kwenye migomba. Katikati palikuwa na jembe. Sasa mwenye jembe kafa. Nyasi zinakuja, chakula kimebaki chini, nyumba haina moshi wala paka. Wanazaa humo miezi sita. Halafu anakuja ndugu wa marehemu na ufagio.

Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Akaomba abaki nayo.

Jumatatu, 14 Novemba

Kishanda. Tumerudi kwa basi, Fulgence ameketi kitini kama watu wengine. Hawezi kutembea mbali. Mama alimshika uso kwa mikono miwili.

Fulgence aliangalia uani. Aliangalia ndani kwa Mama. "Koku?"

Nikasema amekwenda kuwasalimia wazazi wake. Mama akanitazama. Uongo wa pili.

Jumapili, 20 Novemba

Katekista aliniruhusu kusema baada ya ibada. Nilisema wazi. Nyumba iliyofungwa usiingie na ufagio. Fungua mlango na madirisha, ondoka, acha hewa ipite. Nyunyiza maji yenye dawa ya zahanati, au ya sabuni kama dawa hakuna, mpaka sakafu ilowe. Funga pua na mdomo. Kusanya uchafu ukiwa umelowa, fukia. Usiguse panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Kata nyasi mbali na ukuta, vuna hata shamba la marehemu, chakula kiwekwe kwenye debe lenye mfuniko.

Walisikiliza. Watu wa Kishanda wana adabu. Walipotawanyika nikawasikia wanawake wawili njiani mbele yangu, hawakujua niko nyuma.

"Ndugu yake kapata Juliana, yeye anasingizia panya."

"Ungekuwa wewe usingesema hivyo hivyo?"

Sikuwafikia. Nilipunguza mwendo.

Ijumaa, 25 Novemba

Bahasha kutoka Bukoba. Kipimo cha ukimwi: hana. Chupa ile nyingine, hakuna habari.

Nilimsomea Mama kwa Kihaya, mara tatu. Aliikunja karatasi akaitia ndani ya kitabu cha sala. Amesema Anselm alipokufa hakuna aliyempa karatasi.

Halafu nikaenda kwa Fulgence chini ya migomba. Nikampa habari ya kipimo. Akatikisa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa ananunua. Nikasema nina neno jingine. Nikamwambia nani aliyemwambia Koku aondoke, na kwa maneno gani. Sikujitetea. Nilitaka anipige.

Alichuma jani kavu, akalipasua nyuzi nyuzi mpaka likaisha.

"Uliamini nitakufa."

"Ndiyo."

"Basi ulimwambia kitu ulichoamini."

"Niliamini vibaya."

"Ndiyo," akasema. "Uliamini vibaya." Akanyanyuka, akaingia ndani. Hakunitukana. Yale matusi ya hospitali yalikuwa mepesi kuliko haya.

Jumatatu, 28 Novemba

Ofisini Muleba. Nimefungua daftari la vifo. Nimekata neno silimu kwenye mstari wa Paskazia, nikaandika juu yake: homa kali, figo, alisafisha nyumba zenye panya, chanzo hakijathibitishwa. Nimetia sahihi na tarehe. Mkuu wangu aliona. Amesema daftari si mali yangu. Nimesema mkono uliokosea ni wangu. Amesema ataandika barua. Aandike.

Jioni nimekwenda kwa mdogo wake Paskazia, yule aliyemkataa Winfrida. Winfrida yuko kwa bibi mmoja wa mbali, analala jikoni. Nimeeleza kuhusu mama yake. Yule mama mdogo alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Amesema atafikiria. Nimesema afikirie haraka.

Alhamisi, 1 Desemba

Kamachumu. Baba yake Koku alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, hakunipa kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni. Nimeelewa. Nilieleza mbele yake na mkewe. Nilisema: kosa ni langu, si la Koku wala la mume wake. Nilitoa nakala ya cheti cha kipimo niliyoiandika mwenyewe. Mzee alisoma polepole, akaiweka kwenye meza.

"Karatasi naiona. Wewe uliyemwambia aondoke ulikuwa Bibi Afya. Wewe uliyekuja kusema arudi ni Bibi Afya. Nimwamini yupi?"

Nilisema sijaja kumchukua, nimekuja kusema tu.

Koku alinisindikiza hadi barabarani. Amekonda. Yeye ndiye aliyekonda.

"Uliniambia niende, nikaenda," akasema. "Ningeweza kukataa. Kila siku nafikiria hilo. Nilivuka mlango yeye amelala. Nitamtazama vipi?"

"Anakuulizia."

"Anasemaje?"

"Anauliza tu ulipo."

Basi likaja. Hakusema atarudi wala hatarudi. Dirishani nilimwona amesimama pale pale mpaka kona.

Jumapili, 11 Desemba

Nilikuwa Kishanda tangu jana. Mdogo wake Paskazia amemchukua Winfrida Alhamisi. Hakuniambia mimi, nimeambiwa na katekista.

Majibu ya ile damu hayajaja. Daktari Pascal amehamishwa mkoa mwingine, hivyo nadhani hayatakuja. Katika nyumba mbili za kule juu nimeona madirisha yaliyoachwa wazi na sakafu iliyolowa. Nyumba nyingine tatu wamefagia kama zamani. Mmoja wa waliofagia anaumwa kichwa. Kesho nitapita kwake kwanza.

Mchana Fulgence alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba ya Mama. Koku alikuja kwa njia ya shambani, Editha mgongoni, begi mkononi. Hakuna aliyekwenda kumlaki. Fulgence alimwona akiwa bado mbali, akaendelea kumtazama mpaka akafika. Koku alimshusha mtoto. Mtoto akasimama katikati yao, hajui aende wapi, halafu akaenda kwa baba yake akapanda mguuni.

Koku akaketi kwenye benchi, upande ule mwingine.

Mama alipakua ndizi. Nimewaacha wanakula, nikarudi Muleba kwa miguu.